Mumiani Hana Njaa

Mwezi wa Mei mwaka 2022 ilitolewa katuni ya Kijapani iitwayo Vampire in the Garden, yenye sehemu tano tu, kila moja ya nusu saa hivi. Hapa Mpanda ilifika kama zinavyofika filamu nyingi, yaani ndani ya flashi, kutoka kwenye kibanda kimoja cha Majengo ambacho kazi yake ni kuwanakilia watu filamu na nyimbo kwa bei ya soda. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa likizo kutoka chuoni alikokuwa akisomea kazi ya maabara za afya. Yeye ni mmoja wa vijana waliokua na katuni hizi, ambazo wenyewe huziita anime, kama sisi tulivyokua na filamu za karate. Akanisihi niitazame. "Mjomba," alisema, "hii si ya watoto. Hii utaipenda, maana ni mambo yako yale ya mumiani."

Mambo yangu yale ni usemi wa nyumbani kwetu. Ndugu zangu wanajua kwamba tangu ujana wangu nina tabia ya kuwauliza wazee habari za wanyonya damu, kama wengine wanavyouliza habari za mipaka ya mashamba, na wamekwisha kunizoea.

Tuliitazama kwa siku mbili, kwa sababu umeme wa Mpanda wakati ule ulikuwa bado unatoka kwenye majenereta ya mafuta, nao ulikatika katikati ya sehemu ya tatu. Ilipokwisha mpwa wangu alikuwa akifuta machozi, nami nilikuwa nimenuna. Nataka kueleza kwa nini nilinuna, kwani jambo lenyewe ni kubwa kuliko katuni.

Kwanza haki itendeke. Picha zake ni nzuri mno. Waliozitengeneza ni studio ya Wit ya Japani, wale wale waliotengeneza misimu mitatu ya kwanza ya Attack on Titan, na mwongozaji wake ni Ryotaro Makihara. Theluji inaanguka humo kwa namna ambayo hata mtu wa Mpanda, ambaye barafu anayoijua ni ile ya kwenye jokofu, anajikuta anavuta shuka. Kisa chenyewe ni hiki. Binadamu wameshindwa vita na wanyonya damu, na waliosalia wamejibanza katika mji mdogo unaolindwa na ukuta wa mwanga. Katika mji huo muziki ni marufuku. Yumo msichana aitwaye Momo, ambaye mama yake ni kamanda, naye amechoka na maisha yale ya kijeshi. Upande wa pili yuko Fine, malkia wa wanyonya damu, aliyewahi kumpenda binadamu na ambaye sasa hana hamu tena ya vita wala ya ufalme. Wawili hao wanakutana, wanatoroka pamoja, na kuanza kuitafuta Pepo, mahali ambapo inasemekana zamani watu na wanyonya damu waliishi bila kudhuriana. Njiani wanawindwa na pande zote mbili. Mwisho wake sitausema, asije akanilaumu ambaye hajaiona.

Ni kisa cha mtoto kukua, na visa vya namna hiyo navipenda kuliko vyote. Lakini hiki kina haraka ya ajabu. Safari ya kuvuka nchi nzima ya theluji imeshindiliwa katika muda ambao garimoshi letu la kwenda Tabora halijafika hata Kaliua. Kila mara wasafiri wale wanapopata mahali pa kupumzika, mwandishi anawakurupusha kabla hatujajua majina ya wenyeji. Haraka hiyo ningeisamehe, kwa sababu huenda ni mambo ya fedha. Nisichoweza kusamehe ni kwamba Momo ana haki tangu dakika ya kwanza. Anaanza akiamini kwamba adui anaweza kuwa rafiki, na anamaliza akiamini hivyo hivyo, ila sasa ana machozi. Watu wazima wote wanaoogopa wamefanywa wagumu kama mbao, wenye bunduki na amri. Hakuna aliyepewa nafasi ya kukaa chini akasema kwa kirefu: mwanangu, mimi nilimwona fulani akinyonywa, siku fulani, mahali fulani, na ndiyo maana nakuzuia. Hata suala la chakula cha Fine, ambalo kwa maoni yangu ndilo shina la jambo lote, linapitiwa pembeni pembeni, kama vile njaa ya mtu ni huzuni tu inayoweza kutulizwa kwa wimbo.

Nilipoyasema haya mpwa wangu alicheka. "Mjomba, wewe unataka kila kitu kiwe mkutano wa kijiji." Nilimjibu kwamba naam, penye damu iliyomwagika nataka mkutano wa kijiji, na nataka wazee waseme kabla ya vijana kupiga makofi.

Sikuanza juzi kutazama filamu za wanyonya damu. Video zilipoanza kuonyeshwa katika vibanda vya mji huu, kwa jenereta iliyonguruma kuliko sauti ya filamu, tuliiona ile ya Hong Kong ya mwaka 1985, Mr. Vampire. Humo maiti waliovaa majoho ya mabwana wakubwa wa Kichina wa zamani huruka kwa miguu yote miwili, mikono imenyooshwa mbele. Ukibana pumzi maiti hakuoni, na ukimbandika karatasi ya manjano yenye maandishi kwenye paji la uso anasimama palepale. Kibanda kizima kilibana pumzi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami alibana mpaka akakohoa, akatukanwa na ukumbi mzima kwamba atatuuza. Tulitoka tukicheka, kisha katika kurudi nyumbani usiku tukazunguka njia ndefu ili tusipite karibu na mashimo ya mgodi wa zamani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Yule wa kwenye video na yule wa kwenye mashimo hawakuwa jamaa, na kila mtu alilijua hilo bila ya kufundishwa.

Tofauti yao ni hii. Mnyonya damu wa ng'ambo, wa Kizungu kwa wa Kijapani, anakunywa. Ana meno, ana kiu, na akishiba anatulia. Mumiani wa kwetu hanywi. Katika masimulizi yote niliyosikia, kuanzia Karema ziwani mpaka Inyonga, sijapata kusikia hata mara moja kwamba mumiani alionekana akiweka damu mdomoni. Anaichukua. Anaitia katika chupa au katika ndoo, anaipakia garini, naye anaipeleka kwa mtu mwingine ambaye hatumjui, na huko inafanyiwa kazi ambayo haituhusu. Mumiani hana njaa. Ana mshahara.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 inaeleza kwamba mumiani ni kitu cheusi kama utomvu, kilichotumiwa kuwa dawa na baadhi ya Waarabu, Wahindi na Waswahili, na kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyogandishwa. Inaongeza kwamba uvumi wa mumiani ukizuka mjini watu huogopa kutoka usiku. Neno hilo ni ndugu wa mumia, yaani maiti iliyohifadhiwa ya Misri, na mzizi wake ni wa Kiajemi, wenye maana ya nta. Lililo gumu zaidi kumeza ni kwamba Wazungu wenyewe, kwa karne kadhaa, waliuza katika maduka yao ya dawa unga wa maiti zile za Misri, na wagonjwa wakaunywa. Basi anayemcheka bibi yangu kwa kuamini kwamba mwili wa mtu ulifanywa dawa, amcheke baada ya kusoma daftari za wafamasia wa Ulaya.

Kenya na Uganda aliitwa mzimamoto, kwa kuwa alidhaniwa ni mtu wa kikosi cha kuzima moto, mwenye sare na gari. Zambia, enzi ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, waliitwa banyama. Kusini mwa Kongo waliitwa batumbula, na kwetu Tanganyika liko pia jina la chinjachinja, ambalo halihitaji tafsiri. Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, alichapisha mwaka 2000 kitabu kizima juu ya habari hizi, Speaking with Vampires. Nilichokipenda ni kwamba hakuanza kwa kuuliza kama wasimuliaji walikuwa wajinga. Aliwauliza waliokuwa wakisimulia, akasikiliza, akaona kwamba ndani ya masimulizi mna kazi, vyeo, vifaa, magari, na Waafrika walioajiriwa kufanya jambo usiku bila kuambiwa la nini.

Mpanda ilikuwa shamba zuri la masimulizi hayo. Mji huu ulikuzwa na madini ya risasi. Reli ililetwa hapa kutoka Kaliua mwaka 1950 kwa sababu ya madini hayo, ikipita porini zaidi ya kilomita 200 mahali ambapo watu walikuwa wachache kuliko ndorobo. Kabla ya reli walikuwa wamepita watu wa malale. Serikali ya Waingereza, katika miaka ya 1920 na 1930, iliwahamisha wakazi wengi wa sehemu hizi za magharibi kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika, ikawakusanya katika makazi makubwa ili pori lifyekwe na ndorobo wakose kivuli. Kitaalamu jambo lile lilikuwa na maana, kwani malale yaliua watu kweli, nao waganga wale waliokoa wengi. Lakini namna lilivyofanyika, nyumba za zamani ziliachwa zikaanguka, na makaburi yakabaki peke yake msituni.

Bibi yangu mzaa mama alihamishwa akiwa msichana mdogo. Alitueleza jinsi walivyopangwa mstari asubuhi, mtu mmoja mmoja akashikwa shingo kutafutwa tezi, "kama anayechagua mbuzi mnadani," kisha wengine wakatobolewa kidole, na tone la damu likapakwa kwenye kioo. Vioo vile vilipangwa katika sanduku la mbao, sanduku likafungwa, likaondoka. Hakuna aliyerudi kuwaambia kilichoonekana. Mdogo wake wa kiume alichukuliwa kwa matibabu, naye hakurudi pia. Inawezekana alikufa kwa malale. Inawezekana sana. Bibi hakuambiwa.

Sisi watoto wa miaka ya 1970 tulilelewa na hofu iliyobaki kutoka kwake na wenzake. Mumiani alitumika kuturudisha nyumbani kabla ya giza, kutuzuia kupanda magari ya watu tusiowajua, na hasa kutuweka mbali na mashimo ya mgodi, ambako ilisemekana watu huning'inizwa kichwa chini. Kwenye vizuizi vya barabara walikaa watu wa ndorobo na nyavu zao, wakikagua magari na baiskeli. Gari lao lilipoingia mtaani tulitawanyika kama vifaranga. Walikuwa watumishi wapole, mmoja wao akiimba kanisani.

Nilipokuwa na miaka 14 hivi, nikiwa nimeanza kujiona msomi, nilimwambia bibi kwamba mumiani hayupo, mwalimu wa sayansi ametueleza, hakuna kiumbe kama hicho. Nilitazamia aghadhibike. Aliendelea kupepeta mchele, akaniuliza, "Nani alikwambia ni kiumbe?" Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: kwamba yeye hakumwona mumiani mwenye meno. Aliyemwona alikuwa na daftari.

Kwangu mimi huko ndiko kukua. Hofu ya mtoto haikugeuka kicheko. Ilibadilika kuwa swali, na swali hilo lilikuwa na anwani. Kabla ya siku ile watu wazima walikuwa kwangu makundi mawili, wanaotisha na wanaodanganya. Tangu siku ile nilianza kuwaona kuwa watu waliofanyiwa jambo bila kuelezwa, nao wakalieleza wenyewe kwa maneno waliyokuwa nayo. Ndiyo sababu Momo alinikasirisha. Yeye anatoka katika nyumba ya mama yake bila kuuliza kitu, na mwandishi anamsifu kwa hilo.

Msomaji anaweza kusema kwamba nampandishia katuni mzigo usio wake. Pengine. Lakini wanyonya damu si mchezo katika nchi yetu. Tarehe 1 Oktoba mwaka 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji. Uvumi ulipita kwamba mumiani wamefika, yowe likapigwa, watu wakaja na silaha, na gari likateketezwa kwa moto. Wale marehemu walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Udongo, si damu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba na Oktoba, ilikuwa zamu ya Malawi ya kusini, huko Mulanje na Phalombe, ambako makundi ya watu yaliwaua watu kadhaa kwa kuwashuku kunyonya damu, serikali ikaweka amri ya kutotembea usiku, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya hizo.

Nikiyaweka masimulizi ya bibi na mauaji ya Chamwino katika mizani moja, nashindwa kupata utulivu. Bibi alikuwa na haki ya kuuliza. Wale watatu walikuwa na haki ya kurudi nyumbani kwao. Anayesimulia habari ya wanyonya damu kwa vijana, awe Mjapani au mtu wa Mpanda, lazima ayashike yote mawili kwa mkono mmoja, tena bila kuyaachia. Akimpa haki mwenye hofu peke yake, anamkabidhi panga. Akimpa haki mgeni mzuri peke yake, anafanya kama ile katuni ya theluji: wenye hofu wanabaki kuwa wapumbavu wenye bunduki, na kijana hajifunzi lolote juu ya watu wa nyumbani kwake.

Wajapani wenyewe wanalijua hili. Baada ya ugomvi wetu mpwa wangu aliniletea nyingine, Shiki, ya mwaka 2010, yenye sehemu 22, iliyotokana na riwaya ya Fuyumi Ono ya mwaka 1998. Nadhani aliileta ili aninyamazishe, na karibu afaulu. Mambo yanatokea katika kijiji kiitwacho Sotoba, kilichozungukwa na misitu. Watu wanaanza kufa wakati wa joto, mmoja leo, wawili kesho, na daktari wa kijiji, Ozaki, anahangaika akidhani ni maradhi mapya. Yumo na kijana, Natsuno, aliyeletwa na wazazi wake kutoka mjini, anayekichukia kijiji na kuhesabu siku za kuondoka. Wanyonya damu wa humo hawawezi kuingia katika nyumba bila kukaribishwa, wanaua kwa sababu wasipoua watakufa kwa njaa, na baadhi yao walikuwa majirani wiki iliyopita. Polepole, kwa sehemu nyingi ambazo mtu mwenye haraka ataona zinachosha, unafika mahali ambapo unawaelewa wote. Kisha wanakijiji wanashika vigingi.

Hapo sikuweza kukaa vizuri. Mauaji yale yamechorwa kama kazi. Watu wanachimba, wanaburuta, wanapumzika, wanakula chakula kilichopikwa na wake zao wakiwa na damu kwenye mikono, wanazungumza mambo ya kawaida. Na kabla hawajamaliza, wanawaua pia binadamu wenzao ambao kosa lao ni kushukiwa kwamba wako upande wa pili. Mpwa wangu alisimamisha picha akaniuliza kama nataka tuache. Nilimwambia aendelee. Sikumtajia Chamwino, lakini najua na yeye alikuwa akiifikiria, maana kwa watu wa fani yake habari ile si ya gazetini tu.

Amekwisha kuhitimu sasa. Mkoa wetu wa Katavi una malaria nyingi, na kazi ambayo wahitimu kama yeye huipata upesi ni ya uchunguzi vijijini, kwenda nyumba kwa nyumba na sanduku la vipimo, kuwatoboa watoto vidole. Yaani binti huyu aliyeamua kwamba nina roho ngumu kwa sababu sikumlilia Fine, yeye ndiye mwenye gari, sare, sindano na daftari. Ana bahati kwamba malaria hupimwa mchana. Wataalamu wa matende huko pwani walikuwa na kazi nzito zaidi, kwa kuwa vijidudu vya maradhi hayo hujitokeza katika damu saa za usiku wa manane, na kwa miaka mingi hakukuwa na namna nyingine ya kuvipata ila kwenda na taa vijijini kati ya saa nne na saa nane za usiku, kuwaamsha watu, na kuwaomba damu. Hebu fikiri. Kama kuna mtu aliyetaka kumtunga mumiani kamili, asingeongeza kitu.

Dada yangu aliogopa sana alipoambiwa binti yake anapelekwa vijiji vya bondeni. Alitaka nimshawishi akatae. Sikufanya hivyo, ila nilimweleza habari za bibi, zote, pamoja na sanduku la mbao na mdogo wake asiyerudi. Mpwa wangu alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaniuliza swali moja: "Vile vioo, mjomba, vilikuwa vinapelekwa wapi?" Nilimwambia vilipelekwa kwenye hadubini, yamkini si mbali hata kidogo, katika hema au nyumba ya mganga. "Kumbe wangeweza kuwaita wakaangalia," alisema.

Aliporudi kutoka safari ya kwanza alinisimulia. Katika kijiji kimoja walikuta watu wamekusanyika chini ya mwembe, mwenyekiti wao akiwa amesimama, na hakuna mtoto aliyeonekana, jambo ambalo kwa mtu wa kazi ile ni ishara mbaya. Kiongozi wa msafara alianza kusoma barua ya kibali. Mpwa wangu akaomba ruhusa, akakaa chini kwenye mkeka waliokuwa wamekalia akina mama, akafungua sanduku, akajitoboa kidole chake mwenyewe, akaweka tone kwenye kipimo, akakiweka katikati ya watu. Dakika kumi na tano wakangoja mistari ijitokeze. Alisema hajapata kuona dakika ndefu kama zile. Watoto walianza kuchungulia nyuma ya nyumba.

Mzee mmoja hakuridhika. Alisema kipimo amekiona, mstari ameuona, lakini hilo silo analouliza. Anauliza baada ya hapo damu hii inakwenda wapi. Kwa utaratibu wao vitu vilivyotumika hurudishwa mjini katika boksi la manjano. Waliongea pembeni wao kwa wao, wakamwita mhudumu wa zahanati ya kijiji, ambayo ina kichomea taka umbali wa hatua chache, wakakubaliana. Mwenyekiti, wale akina mama na yule mzee wakaongozana nao mpaka kwenye kichomea taka. Kile kipimo chenye tone la damu ya mpwa wangu kikatumbukizwa, pamoja na pamba na sindano yake, kikawashwa moto mbele yao. Mzee alisimama karibu kuliko wote, mkono umeziba pua kwa sababu ya harufu ya plastiki. Moshi ulipopungua alichungulia ndani, akarudi chini ya mwembe, akakaa kwenye mkeka, akamnyooshea kidole chake.